Dhahabu, Mwanga na Joto: Kueleza kwa Kiswahili Kazi ya Chembenano za Dhahabu katika Tiba na Vipimo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi chembe ndogo mno za dhahabu zinavyoitikia mwanga, na jinsi mwitiko huo unavyotumika katika kazi mbili za kitabibu: kutoa joto linaloangamiza uvimbe wa saratani, na kutoa rangi inayobainisha ugonjwa katika vipimo vya haraka. Makala yanaonyesha kwamba kazi hizo mbili zina asili moja, na kwamba baadhi ya maneno ya Kiswahili yaliyokwisha kuzoeleka hospitalini, hasa chembechembe, mionzi, kuchoma na chanya, yanaweza kumpotosha mgonjwa hata pale ambapo kila neno ni sahihi kikamusi. Hoja inayojengwa ni kwamba uteuzi wa istilahi katika uwanja huu huamua kile ambacho mgonjwa anakikubali anapotia saini fomu ya ridhaa, na kile ambacho mhudumu anakiona anapotazama kipimo.

Mstari mwekundu

Katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki na Kati, mgonjwa mwenye homa hupimwa malaria kwa kipimo cha haraka kabla ya kupewa dawa. Mhudumu humtoboa kidole, huweka tone la damu kwenye kitundu cha kipimo, huongeza matone ya kimiminika kilichokuja na kipimo hicho, kisha husubiri dakika 15 au 20. Ikitokea mistari miwili, mgonjwa huambiwa ana malaria. Ukitokea mmoja tu, ule wa uthibitisho, huambiwa hana. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na ushauri huo umechangia kuifanya mistari hii izoeleke hata vijijini.

Wengi hudhani kuwa wekundu wa mistari hiyo ni damu, au ni wino wa kiwandani. Sivyo. Katika aina nyingi za vipimo hivi wekundu huo ni dhahabu: chembe za dhahabu zenye kipenyo cha nanomita 20 hadi 40 hivi, zilizokusanyika mahali pamoja kwa wingi wa kutosha kuonekana kwa macho. Nanomita moja ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi, na seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hadi 8,000. Dhahabu ya namna hiyohiyo imo katika vipimo vingi vya ujauzito vinavyouzwa madukani, na ilikuwamo katika vingi vya vipimo vya haraka vya UVIKO-19.

Kiasi chake katika kipimo kimoja ni sehemu ndogo sana ya miligramu. Jambo hili linafaa kutajwa mapema, kwa kuwa katika eneo lenye machimbo ya Geita, Kibali na Busia neno dhahabu halisikiki bila swali la bei kufuata.

Kwa nini dhahabu iwe nyekundu

Dhahabu ya pete au ya kipande kilichotoka mgodini ina rangi ya manjano. Kwamba inaweza kuwa nyekundu inapogawanywa sana ni jambo ambalo mafundi wa vioo walilitumia karne nyingi kabla ya yeyote kuweza kulieleza. Katika makumbusho ya British Museum, London, kuna kikombe cha Kirumi cha karne ya 4, kiitwacho Kikombe cha Lycurgus. Mwanga ukikiangukia kutoka nje kinaonekana cha kijani; taa ikiwekwa ndani yake kinageuka chekundu. Uchunguzi umeonyesha kwamba ndani ya kioo hicho mna chembe ndogo mno za mchanganyiko wa fedha na dhahabu. Haielekei kwamba fundi aliyekitengeneza alijua kuwa zimo.

Mwanasayansi wa kwanza kulifuatilia suala hili kwa utaratibu alikuwa Michael Faraday. Mwaka 1857 aliwasilisha mbele ya Royal Society ya London matokeo ya majaribio yake kuhusu dhahabu na mwanga. Alikuwa ameifanya chumvi ya dhahabu iliyoyeyushwa majini igeuke tena kuwa metali kwa kutumia fosforasi, akapata kimiminika chekundu kama rubi. Alishikilia kwamba wekundu huo unatokana na dhahabu yenyewe ikiwa katika vipande vidogo visivyoonekana, wala si na kemikali mpya. Baadhi ya chupa zake zimehifadhiwa hadi leo katika Royal Institution, London. Mwaka 1908 Gustav Mie, mwanafizikia wa Ujerumani, alitoa hesabu zinazoeleza rangi hiyo. Mwaka 1951 John Turkevich na wenzake nchini Marekani waliandika kwa kina namna ya kutengeneza chembe za nanomita 20 hivi kwa kuchemsha chumvi ya dhahabu pamoja na sitreti ya sodiamu. Njia hiyo ni rahisi kiasi kwamba hadi sasa hufundishwa katika maabara za vyuo.

Maelezo yenyewe ni haya. Ndani ya metali mna elektroni zisizofungwa kwenye atomu moja. Huzunguka huru katika kipande chote. Mwanga nao ni wimbi la umeme na sumaku, na wimbi hilo linapopita huzisukuma elektroni upande huu na upande ule. Kipande cha dhahabu kikiwa kidogo sana kuliko urefu wa wimbi la mwanga, elektroni zake zote husukumwa kwa pamoja, kama maji ya beseni linalotikiswa. Kila beseni lina mwendo wake wa kutikisika. Ukilitikisa kwa mwendo huo, maji hupanda na kumwagika, na ukilitikisa haraka zaidi au polepole zaidi, hayapandi. Mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea anaijua kanuni hii bila kufundishwa. Kwa chembe ya dhahabu yenye umbo la mpira iliyomo majini, mwendo unaopatana na elektroni zake ni ule wa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 520 hivi, yaani mwanga wa kijani. Chembe huumeza mwanga wa kijani kwa nguvu, na mwanga unaobaki kufikia jicho huonekana mwekundu. Wanafizikia huuita mtikisiko huo wa pamoja plazmoni.

Chembe zikisogeleana sana, elektroni za moja huathiri za nyingine, na rangi huhama kutoka nyekundu kwenda zambarau au buluu. Kundi la Chad Mirkin katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, lilitumia badiliko hilo katika miaka ya 1996 na 1997: lilifunga nyuzi fupi za DNA kwenye chembe, na DNA iliyotafutwa ilipokuwapo, ilizivuta chembe pamoja na kimiminika kikabadilika rangi.

Kutoka rangi hadi joto

Hapa ndipo mahali ambapo maelezo mengi kwa umma hukatika. Msomaji huambiwa katika aya moja kwamba dhahabu hutumika katika vipimo, na katika aya nyingine kwamba hutumika kutibu saratani, kana kwamba ni habari mbili. Ni habari moja. Nishati ya mwanga iliyomezwa haiwezi kupotea. Elektroni zilizotikiswa hugongana, kisha hupeleka nishati hiyo kwenye atomu za dhahabu katika muda wa pikosekunde chache, na atomu nazo huipeleka kwenye maji yanayozizunguka. Chembe imepata joto, na jirani yake amepata joto. Kwa chembe za nanomita 20 hadi 40, karibu mwanga wote unaonaswa huishia hivyo. Ni sehemu ndogo tu inayotawanywa.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa ni hivyo, mbona kipimo cha malaria hakipati moto kikiwekwa mezani? Jibu ni kwamba kinapata joto, lakini kidogo mno, kwa sababu mwanga wa chumbani ni hafifu na joto lenyewe husambaa mara moja. Ili joto lilimbikizane mahali pamoja sharti kuwe na mwanga mkali wa rangi moja ulioelekezwa kwenye nukta moja, na mwanga huo ni leza.

Ndani ya mwili kuna kizuizi kingine. Mtu akikifunika kioo cha tochi kwa kiganja gizani, ataona wekundu ukipenya kati ya vidole. Rangi nyingine zimezuiwa njiani, hasa na damu. Mwanga wa kijani, ambao ndio unaopatana na chembe zenye umbo la mpira, haufiki mbali ndani ya nyama. Unaopenya vizuri zaidi ni ule wa kati ya nanomita 650 na 900 hivi: mwisho wa wekundu na mwanzo wa infraredi, eneo ambalo jicho halioni. Chini ya hapo damu humeza mwanga. Juu ya hapo maji huanza kuumeza. Kwa hiyo ilibidi umbo la dhahabu libadilishwe ili lipatane na mwanga unaoweza kusafiri.

Njia mbili zilipata umaarufu. Ya kwanza ni ya Naomi Halas na Jennifer West wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani: kiini cha silika kilichovikwa gamba jembamba la dhahabu. Gamba likiwa jembamba kwa kulinganishwa na kiini, rangi inayomezwa huhamia kwenye infraredi. Ya pili ni vijiti: chembe iliyorefushwa humeza mwanga wa mawimbi marefu zaidi kadiri urefu wake unavyozidi upana. Mostafa El-Sayed, mwanakemia aliyezaliwa Misri na kufanya kazi Georgia Tech, alionyesha mwaka 2006, akiwa pamoja na wenzake na mwanawe Ivan ambaye ni daktari wa upasuaji, kwamba vijiti hivyo vinaweza kuunguza seli za saratani katika maabara kwa mwanga wa infraredi.

Kundi la Rice lilichapisha majaribio yake ya kwanza ya tiba mwaka 2003, na mwaka uliofuata likaeleza kuhusu panya ambao uvimbe wao ulitoweka baada ya kupewa chembe kwa njia ya damu na kumulikwa kwa leza. Ilichukua miaka 15 kufikia taarifa ya binadamu iliyochapishwa katika jarida kubwa. Mwaka 2019 madaktari wa Mount Sinai, New York, pamoja na wenzao, walieleza kuhusu wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume isiyosambaa. Kila mgonjwa alipewa kwa dripu chembe za nanomita 150 hivi zenye kiini cha silika na gamba la dhahabu. Kesho yake nyuzi za leza ziliingizwa kwenye tezi kwa kuongozwa na picha, na mwanga wa infraredi ukawashwa. Kazi ilikamilika kwa wagonjwa 15 kati ya 16, na uwezo wao wa kukojoa na wa tendo la ndoa haukuonyesha badiliko kubwa. Jambo hilo si dogo, kwa kuwa upasuaji na tiba ya mionzi mara nyingi huharibu uwezo huo.

Mshauri wa sera atataka kujua pia upande wa pili. Mwaka 2016 timu ya watafiti ilikusanya matokeo ya tafiti za wanyama za miaka kumi kuhusu chembenano za aina zote, ikaona kwamba kwa wastani wa kati ni asilimia 0.7 tu ya kilichodungwa kinachofika kwenye uvimbe. Sehemu kubwa huishia kwenye ini na wengu. Figo zinaweza kutoa chembe ndogo za chini ya nanomita 6 hivi. Za nanomita 150 haziwezi. Dhahabu haiozi wala haiyeyuki mwilini kwa urahisi, na kwa hiyo hukaa. Kufikia sasa haijaonekana kuwa sumu kali kwa vipimo vilivyotumika, lakini neno hukaa ni neno ambalo mgonjwa ana haki ya kulisikia kabla, si baada. Isichanganywe na sindano za chumvi za dhahabu zilizotumika kutibu baridi yabisi tangu mwishoni mwa miaka ya 1920: zile zilikuwa kemikali zilizoyeyuka, hazikuhitaji mwanga, na zilikuwa na madhara yake mengine.

Sentensi moja katika fomu ya ridhaa

Tuseme utafiti wa namna hii unaletwa katika hospitali ya rufaa mojawapo ya eneo hili, na mfasiri anapewa fomu ya ridhaa. Mfasiri mwenye kamusi nzuri anaweza kuandika hivi: Utachomwa dawa ya chembechembe za dhahabu, kisha uvimbe utachomwa kwa mionzi ili kupandisha joto. Hakuna neno katika sentensi hiyo ambalo mhakiki atalifuta kwa kalamu nyekundu. Hata hivyo mgonjwa atakayeisikia ataondoka na picha isiyo ya kweli, na inafaa kuonyesha kwa nini, neno kwa neno.

Chembechembe. Katika Kiswahili cha shule na hospitali, chembechembe nyekundu na chembechembe nyeupe ni za damu. Vitabu vingine huita chembe hai kile ambacho vingine huita seli. Mgonjwa akiambiwa kuwa chembechembe za dhahabu zitaingia kwenye damu yake, ana kila sababu ya kudhani kuwa anaongezewa damu ya namna fulani, au kwamba anawekewa kitu chenye uhai. Kiswahili kina njia ya kutoka hapa bila kubuni chochote: seli ibaki kuwa kitu hai, na chembe ibaki kuwa kipande kidogo cha maada. Chembenano, neno linaloanza kutumika, linafaa kwa makala ya kitaaluma kama haya. Kwenye fomu ya mgonjwa halisaidii, na vipande vidogo mno vya dhahabu visivyoonekana kwa macho, pamoja na urefu wake, linaeleweka mara moja.

Mionzi. Hapa madhara ni makubwa zaidi. Kwa mwanafizikia, mionzi au miale ni mwanga wowote unaosafiri, hata wa jua. Kwa mgonjwa wa saratani, mionzi ni tiba mahususi, ambayo jirani yake wodini ameipata na ambayo ina sifa zake: uchovu, ngozi kuungua, hofu ya kizazi. Mionzi hiyo ina nishati ya kung'oa elektroni kwenye atomu na kuharibu DNA moja kwa moja. Mwanga wa infraredi wa leza hauna nishati hiyo. Unachoweza kufanya ni kupasha joto. Istilahi mnururisho ipo katika maandishi ya fizikia na ingeweza kuzitenganisha maana hizo, lakini haijaingia katika mazungumzo ya wodini, na fomu ya ridhaa si mahali pa kuanzia kuifundisha. Ni salama zaidi kuandika mwanga wa leza, na kuongeza waziwazi kwamba huu si mwanga wa tiba ya mionzi.

Kuchoma. Kitenzi hiki ndicho kinachovutia zaidi, na ndicho kinachosahaulika. Nchini Tanzania mgonjwa huchomwa sindano. Nchini Kenya wengi husema hudungwa. Kupigwa sindano husikika mashariki mwa Kongo na kwingineko. Lakini kuchoma ni kuunguza pia, na tiba hii, kwa bahati mbaya ya lugha, ina vyote viwili: siku ya kwanza sindano, siku ya pili kuunguza. Anayesikia utachomwa mara mbili anaweza kudhani kwamba anaelezwa sindano mbili. Akija siku ya pili akakuta nyuzi za leza, atakuwa ametia saini jambo ambalo hakulikubali. Tofauti za nchi zinaongeza ugumu, na si za kupuuzwa sasa ambapo fomu moja inaweza kusafiri kutoka nchi hadi nchi. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na hati za namna hii zitazidi kuvuka mipaka. Kudunga na kuunguza ni maneno mawili ambayo hayagongani katika nchi yoyote kati ya hizo.

Joto. Kupanda kwa joto, kwa masikio ya mgonjwa, ni homa. Tiba hii haikusudii kumpa mtu homa. Inakusudia kuongeza joto la sehemu moja ndogo ya nyama hadi kupita nyuzi 50 za Selsiasi, ambapo protini za seli huharibika haraka, huku mwili uliobaki ukikaa katika nyuzi 37 zake. Mwandishi wa fomu asipotaja mahali, amesema homa.

Sentensi iliyorekebishwa inaweza kuwa hivi: Utawekewa dripu yenye vipande vidogo mno vya dhahabu visivyoonekana kwa macho. Kesho yake daktari ataingiza nyuzi nyembamba zenye mwanga wa leza mahali penye uvimbe. Mwanga huo utavipasha joto vipande vya dhahabu vilivyomo kwenye uvimbe, na joto hilo litauunguza uvimbe. Mwanga huu si wa tiba ya mionzi. Vipande vingi vya dhahabu havitafika kwenye uvimbe. Vitakwenda kwenye ini na wengu, na vitakaa humo kwa muda mrefu. Imekuwa ndefu mara kadhaa kuliko ya kwanza. Wadhamini wa utafiti mara nyingi huhesabu kurasa, na mfasiri hubanwa afupishe. Huu ni mfano wa mahali ambapo ufupi una gharama.

Kusoma kipimo

Upande wa vipimo, tatizo la lugha halimsubiri mtafiti wa baadaye. Lipo leo asubuhi katika zahanati.

Ndani ya kipimo cha malaria, chembe za dhahabu zimevikwa kingamwili zinazoshika protini ya kimelea. Ya kawaida huitwa HRP2 na hutolewa na Plasmodium falciparum. Damu inaposafiri kwenye karatasi, protini hushikwa na dhahabu, kisha mzigo huo hunaswa kwenye mstari wa kwanza. Dhahabu isiyopata mzigo huendelea na kunaswa kwenye mstari wa pili, wa uthibitisho. Neno kingamwili lenyewe halijatulia: gazetini mara nyingi ni uwezo wote wa mwili kujikinga, maabarani ni protini moja. Kwa mhudumu tofauti hiyo haina athari kubwa, na inaweza kuachwa.

Zenye athari ni chanya na hasi. Katika Kiswahili cha kila siku, mtazamo chanya ni mtazamo mwema. Mgonjwa anayeambiwa majibu yako ni chanya anaweza kushukuru. Wauguzi wazoefu wanalijua hili na huacha istilahi, wakisema tu una malaria au huna malaria. Busara yao inastahili heshima, ingawa nayo ina mpaka wake. Protini ya HRP2 hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyepona anaweza bado kuonyesha mstari. Kuna pia vimelea vilivyopoteza jeni ya protini hiyo. Taarifa ya kwanza ilitoka Peru mwaka 2010, na baadaye hali hiyo ikaonekana kwa kiwango kikubwa Eritrea. Kwao mstari hautokei kabisa, hata mgonjwa akiwa taabani. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ibadilishe aina ya kipimo pale majibu ya uongo yatokanayo na upungufu huo yanapofikia asilimia 5. Kwa usahihi, basi, kinachosemwa na mstari ni protini imeonekana au protini haikuonekana. Mhudumu hahitaji kumwambia mgonjwa hivyo. Mwongozo wa mhudumu ndio unaopaswa kusema hivyo, ili ajue lini asikiamini kipimo.

Lipo pia jibu la tatu. Mstari wa uthibitisho usipotokea, kipimo ni batili, hata kama mstari wa kwanza umetokea. Jozi ya chanya na hasi haina nafasi ya jibu hilo, na mwongozo unaofundisha maneno mawili pekee humwacha mhudumu achague mojawapo.

Kisha kuna mstari hafifu. Maelekezo ya watengenezaji husema kwamba mstari wowote, hata hafifu, una maana ileile ya mstari mzito. Hafifu hata hivyo katika Kiswahili ni neno la kudharau: bidhaa hafifu, hoja hafifu. Si ajabu mhudumu akauona mstari hafifu kama mstari usiotosha. Mstari unaoonekana kwa shida, ingawa ni mrefu, unaweka uzito kwenye kuonekana.

Ni katika mstari huo ndipo joto na rangi hukutana tena. Mwaka 2012 kundi la John Bischof katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, liliacha kuutazama mstari na badala yake likaumulika kwa leza na kupima joto lake. Dhahabu iliyo chache mno kuonekana kwa macho bado humeza mwanga na bado hutoa joto. Walijaribu kipimo cha kriptokoka, kuvu wanaosababisha homa ya uti wa mgongo kwa watu wenye VVU vilivyofikia hatua mbaya, ugonjwa unaofahamika vyema katika hospitali za Uganda, na walipata uwezo wa kugundua uliozidi wa macho mara 32. Kipimo kilikuwa kilekile, na dhahabu ileile. Kilichobadilika ni namna ya kukisoma.

Kifaa cha aina hiyo kikifika zahanati, maneno hakuna mstari yatakuwa na maana mbili: dhahabu haipo kabisa, au ipo lakini jicho haliioni. Mwongozo wa sasa humwambia mhudumu tazama. Huo utalazimika kumwambia pima, na kumweleza afanye nini pale kifaa kinaposema ndiyo na macho yake yanaposema hapana.